Kabla hujacheka spoila ya Segerea, soma historia hii

Wadau wa Segerea, gari lenyewe mnalijua. Altezza ya silva, imeshushwa chini, nyuma imebeba spoila kubwa kama benchi la mama ntilie. Kila ikipita Segerea Mwisho, kijiweni watu wanapiga kelele: "Oya kaka, hiyo inaruka saa ngapi?" Na mimi nilikuwa mmoja wa wanaocheka.

Spoila ile haikuja na meli kutoka Japani. Mwenye gari aliitengeneza mwenyewe uani kwao. Alikata plaiwudi, akaivisha faibaglasi, akapaka fila, akapiga msasa wiki nzima, kisha rangi nyeusi. Miguu alikata kwenye skwea paipu, akatoboa buti, akafunga bolti nne. Kwa macho ilitoka poa, tusiwe wachoyo.

Siku moja usiku akapita Kinyerezi, akatokea Mbezi, akaingia barabara ya njia nane kuelekea Kibaha ili aijaribu. Alipokanyaga mafuta, bolti ziling'oka na vipande vya bati la buti. Spoila ikaruka kweli. Nyuma yake alikuwepo bodaboda. Akaikwepa, akaingia mtaroni, akatoka na mkono umechubuka na usukani wa pikipiki umepinda. Ingekuwa hatua moja tu pembeni, leo tungekuwa tumetoka msibani.

Hapo nikaacha kucheka, nikaanza kusoma. Nilichokuta kimenishangaza: bawa la gari halikuwa kazi ya viwanda vikubwa peke yake. Miongoni mwa waliolijaribu mapema alikuwemo kijana kama huyu wetu. Na kilichompata jamaa wa Segerea kiliwapata mabingwa wa dunia kabla yake.

Mwaka ni 1956, Ujerumani. Kijana wa Uswisi anaitwa Michael May, miaka ishirini na kitu, anasomea uhandisi. Ana Porsche 550 Spyder. Akawaza hivi: bawa la ndege linainua ndege juu, sasa nikiligeuza chini juu si litaligandamiza gari barabarani? Akaunda bawa, akalisimamisha juu ya gari kwa vyuma, karibu na kichwa cha dereva, na akaweka namna ya kulibadilisha mwelekeo akiwa amekaa kwenye kiti. Akaenda nalo Nürburgring kwenye mbio za kilomita 1,000. Kwenye mazoezi gari lilishika barabara vizuri mno, lakini wasimamizi wakamwambia atoe kile kitu, eti kinawazuia madereva wa nyuma kuona mbele. Akatoa, na wazo likalala karibu miaka kumi.

Kama huelewi bawa linafanyaje kazi, siku ukiwa siti ya mbele na njia ni nyeupe, toa kiganja kidogo dirishani. Kilaze, halafu inamisha upande wa mbele uangalie chini. Utasikia upepo unausukuma mkono wako chini. Ndiyo hiyo tu. Spidi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Spidi ikiwa mara tatu, mara tisa. Kwa hiyo bolti zilizotulia kwenye 50 za mtaani zinapambana na nguvu mara tisa ukifika 150. Jamaa yetu alikuwa anapimia spoila yake kwenye foleni ya Tabata. Foleni ya Tabata haipimi kitu.

Aliyeliamsha wazo ni Mmarekani wa Texas, Jim Hall. Mwaka 1966 alileta Chaparral 2E, gari jeupe lenye bawa refu limesimama juu nyuma. Ujanja wake ulikuwa kwenye miguu ya bawa. Hall hakuifunga kwenye bodi. Aliishusha moja kwa moja kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma, ili mzigo wote wa upepo uende kwenye matairi. Gari halikuwa na pedeli ya klachi, kwa hiyo mguu wa kushoto ulikuwa na kazi yake: ukikanyaga pedeli, bawa linalala ili lisikupunguzie spidi kwenye mnyooko. Mwaka huohuo magari yake mawili yalishika namba moja na namba mbili Laguna Seca.

Baada ya hapo kila mtu akataka bawa. Mwaka 1968 yakaingia Formula 1, na mwaka uliofuata yalikuwa marefu juu ya vyuma vyembamba kama miguu ya korongo. Tarehe 4 Mei 1969, mbio za Hispania, mjini Barcelona. Timu ya Lotus ilikuwa na Graham Hill, bingwa wa dunia wa mwaka 1968. Gari lake lilipopita kwenye kituta, bawa likavunjika na gari likaenda kugonga ukingo wa barabara. Alitoka mzima. Mizunguko michache baadaye, mwenzake Jochen Rindt akavunjikiwa na bawa sehemu ileile, akaligonga gari la Hill, akapinduka na kuumia usoni. Rindt mwenyewe akaandika barua ya wazi akitaka mabawa yapigwe marufuku. Wiki mbili baadaye, Monaco, yale marefu yakaondolewa katikati ya mazoezi. Yaliporudi yalikuwa mafupi na yenye masharti.

Sasa jiulize: kama wahandisi wa bingwa wa dunia walikosea miguu ya bawa, bolti nne kwenye bati la buti ni nini?

Na sisi huku tumelipendea wapi? Kwenye rali. Safari Rally tangu 1953 ni ya kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1996 Mitsubishi Lancer Evolution ikashinda, 1997 Subaru Impreza, zote na spoila nyuma. Ndugu zao wa dukani ndio wale tunaowaona Dar.

Urembo nao si dhambi. Lamborghini Countach iliuzwa na bawa kubwa ambalo lilipunguza spidi ya juu ya gari, na watu walilipia kwa raha zao. Lakini lilikuwa limefungwa likakaa.

Jamaa wa Segerea alimtengenezea bodaboda usukani kwa hela yake, kisha akaenda kwa fundi bodi mmoja mtu mzima. Mzee hakumcheka. Alifungua buti, akagonga bati kwa kidole, akasema, "Mwanangu, hiki ni kifuniko, si nguzo." Spoila imerudi, fupi zaidi. Miguu inapita buti hadi kwenye chuma cha chini, na ndani kuna bamba nene na washa kubwa kila bolti.

Bado wanamuuliza inaruka saa ngapi. Anajibu: "Ilisharuka. Sasa hivi inakaa."

Wewe ungepanda gari lenye spoila uliyoiunda mwenyewe? Tupia jibu hapo chini, na kama una mshkaji anayetoboa buti wikiendi hii, mtumie hii kwanza.