Karatasi ya shefu, karatasi ya Leta: nyumba uliyoacha ni ya nani?

Kila mara tunapozungumza na familia zilizokimbia vita, swali moja linarudi: "Niliacha nyumba yangu. Karatasi ninayo, shefu alitia sahihi. Nikirudi nikute mtu mwingine ndani, nitafanya nini?" Ili kujibu vizuri, lazima turudi nyuma kidogo. Shida hii haikuanza na vita ya sasa.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na watu ni mali ya Leta. Wazee wetu walijua kwamba shamba lililopumzishwa lina mwenyewe, na msitu wa kuwinda una wenyewe. Lakini kwa wazungu, mahali pasipo nyumba wala mazao palikuwa patupu. Mwaka uliofuata wakaingiza namna ya kuandikisha ardhi iliyobuniwa na Robert Torrens huko Australia Kusini: kiwanja kinapimwa, kinaandikwa katika kitabu cha Leta, na mwenyewe anapewa sertifika. Asiyeandikwa kitabuni, kwa sheria hiyo hana kiwanja.

Kitabu hicho hakikuwa kwa ajili yetu. Mkongomani wa kijijini alibaki chini ya desturi. Wa mjini alipewa kibali cha kukaa tu. Ni mwaka 1953 ndipo dekreti ilimfungulia mlango wa kuwa na nyumba na kiwanja kwa jina lake mwenyewe, na waliopita mlangoni hapo walikuwa wachache. Wengine waliendelea kama zamani. Kule Bushi, kwa mfano, familia ilitoa kalinzi: ilimpelekea mwami ng'ombe au mbuzi mbele ya mashahidi, nayo ikapata shamba la kurithisha watoto. Hapakuwa na karatasi. Watu ndio walikuwa kitabu.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilitaka kurudishia nchi ardhi ambayo makampuni ya kikoloni yalikuwa yamegawiwa. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, wala hauuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, na Mkongomani anaweza kuipata haki hiyo bila mwisho. Sheria hiyo hiyo iliingiza mashamba ya vijiji ndani ya mali ya Leta, na katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wakaaji wake. Miaka kumi ikapita, kisha ishirini, kisha thelathini, bila amri hiyo kutoka. Hapo ndipo pengo lilipo: mashefu wakaendelea kugawa na kutia sahihi, na konservateri akaendelea kuandika sertifika. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kukutana kwenye kiwanja kimoja, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

Sasa turudi kwenye maswali yenu.

Je, karatasi ya shefu ni bure? Hapana. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Karatasi hiyo inaonyesha ulinunua kwa nani, lini, na mbele ya nani. Lakini haichukui nafasi ya sertifika.

Na kama mtu amejiandikishia kiwanja changu nikiwa ukimbizini? Kwa kifungu cha 227, sertifika iliyopatikana kwa hila au kwa makosa inaweza kupingwa katika muda wa miaka 2. Muda huo ukipita, kwa kawaida kinachobaki ni kudai malipo ya hasara. Nyumba yenyewe inakuwa vigumu kuirudisha. Miaka 2 kambini inapita haraka. Usingoje amani irudi ndipo uulize.

Sertifika yangu iliungua. Nimepoteza kila kitu? La. Inaandikwa mara mbili: moja ni yako, nyingine inabaki katika kitabu cha konservateri. Unaweza kuomba nyingine.

Nataka kununua nyumba. Nianzie wapi? Usitoe pesa kwa kuonyeshwa fotokopi. Nenda kwa konservateri, uliza kitabuni jina la nani limeandikwa. Uliza kama muuzaji ana mke au mume, au ndugu wa urithi, na kama wote wamekubali. Mkataba upitishwe mbele ya notere au konservateri. Hata hapo kazi haijaisha, mpaka jina lako liandikwe na upate sertifika mpya.

Nitamchaguaje avoka? Kwanza, komisioneri anayekutafutia nyumba si avoka. Avoka ana jina katika orodha ya baro iliyo karibu na Korti ya Rufaa. Unaweza kwenda baro kuuliza. Yuko pia mtetezi wa mahakama, anayefanya kazi kwenye tribunali. Muulize kama tayari anamtumikia muuzaji. Akisema ndiyo, tafuta mwingine. Bei muiandike kabla ya kuanza. Kila malipo yapate risiti. Mpe kopi, asili ubaki nayo. Anayekuambia kesi imeshinda kabla hajaona karatasi, muogope.

Na wewe mama uliyekimbia bila hata karatasi moja, anza na namna ya wazee wetu. Andika majina ya majirani wa pande nne, ya shefu wa wakati ule, na ya mashahidi walioona ukinunua. Andika pia mwaka na bei. Kama kuna picha katika simu ya mtoto, itunze. Fanya hivyo sasa, wakati mashahidi wako hai na mnasikilizana kwa simu. Avoka mzuri atajua la kufanya na majina hayo. Bila majina, hata avoka mzuri hana pa kuanzia.