Sururu katika jeshi la Roma ya kale

Jeshi la Roma ya kale husifiwa kwa upanga, lakini ushahidi unaonyesha kwamba nguvu yake ilitokana zaidi na kuchimba na kujenga. Jioni, askari waliokuwa safarini katika nchi ya adui walichimba handaki na kuinua boma la udongo, ndipo wakalala. Mwaka 52 KK, huko Alesia katika Ufaransa ya leo, Julius Caesar aliuzingira mji kwa ngome ya takriban kilomita 16, kisha akajenga nyingine ya kilomita 21 iliyotazama nje, ili kulizuia jeshi lililokuja kuwaokoa waliozingirwa. Kiongozi wao, Vercingetorix, akasalimu amri.

Inaweza kudaiwa kwamba Caesar alijisifu, maana habari hizo aliziandika mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito kuhusu idadi ya maadui, ambayo wanahistoria wengi wanaona aliitia chumvi. Mahandaki, hata hivyo, yamefukuliwa tangu karne ya 19, nayo hayana sababu ya kumpendelea mtu. Hata Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 BK kutukuza ushindi wa vita, ina matukio machache ya mapigano; sehemu kubwa ni askari wakisafiri, wakikata miti na kujenga. Katika vibao vya maandishi vya Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, vya karibu mwaka 100 BK, orodha moja inataja wanaume 343 karakanani, wakiwemo washona viatu 12 na wajenzi 18 waliopelekwa kwenye nyumba ya kuogea.