Kleist Sykes: Askari, Mfanyabiashara na Baba wa Nyumba

Siku moja, katika darasa langu hapa Carama, kaskazini ya Bujumbura, mwanafunzi aliniuliza kwa nini Mwafrika aitwe Kleist. Tulikuwa tukijifunza maneno ya Kiswahili yaliyotoka ugenini, nami nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba hata hilo neno «shule», walitamkalo kila asubuhi, limetoka kwa Wajerumani. Swali lile lilistahili jibu refu kuliko muda wa kipindi.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, miaka mitano tu baada ya Bushiri bin Salim kunyongwa katika mji huo huo. Tena baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa pwani ili kupigana na huyo Bushiri: alikuwa mmoja wa askari wa Kizulu waliochukuliwa na Hermann von Wissmann kutoka pande za Inhambane, Msumbiji. Hapa mwalimu hujikuta pagumu. Tumsifu mwana wa askari aliyekuja kutupiga? Mimi huona tusifiche neno. Mtoto hakuchagua vita vya baba yake, lakini pia hakukulia mbali navyo. Baba alifariki Kleist angali mdogo, naye akalelewa katika nyumba ya Affande Plantan, mkuu wa askari wale wa Kizulu. Akasomeshwa, akakijua Kijerumani, na Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 akaingia katika jeshi la von Lettow-Vorbeck.

Vita hivyo sisi wa Burundi tunavijua kwa upande wetu. Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, ilikuwa kituo cha askari wa Kijerumani, na Wabelgiji wakaitwaa mwaka 1916. Kiswahili kilichosikika kambini kilikuwa kile kile kilichotoka pwani pamoja na askari, wapagazi na wachuuzi, na Buyenzi hata leo hakihitaji kufundishwa na mtu. Wapagazi ndio walioumia zaidi, nao ndio waliosahauliwa zaidi. Dar es Salaam imebaki na jina lao tu, kwani Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi.

Amani iliporudi, Kleist hakukaa kuhesabu mapigano yake. Aliajiriwa katika reli chini ya Waingereza, wale wale aliokuwa akipigana nao, na baadaye akashika biashara. Wasomaji vijana wasidhani lilikuwa jambo jepesi. Biashara kubwa za mji zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na sheria ya kikoloni ilifanya deni alilopewa Mwafrika bila kibali cha serikali lisidaike mahakamani. Ni nani basi angemkopesha bidhaa? Walisema ni kumlinda Mwafrika asidhulumiwe. Kumbe walimfungia mlango wa duka.

Mwaka 1924 Dakta Aggrey wa Gold Coast alipita Dar es Salaam, na Kleist mwenyewe aliandika kwamba mazungumzo yao ndiyo yaliyompa wazo la umoja wa Waafrika. African Association ilipoundwa mwaka 1929, Cecil Matola akawa rais, Kleist katibu. Mwaka 1933 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu.

Nyumbani, yeye na mkewe, Bi. Mruguru binti Mussa, walilea wana watatu: Abdulwahid, Ally na Abbas. Vita vya Pili vikawachukua wawili wa kwanza. Waliingia King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Tazama ajabu hii: baba alipigana dhidi ya King's African Rifles, wanawe wakavaa sare yake! Kizazi cha tatu hicho, mfululizo, kikibeba bunduki ya mfalme wa watu wengine.

Kleist alifariki mwaka 1949. Hakuiona TANU ya mwaka 1954, ambayo wanawe walikuwamo katika kuiasisi. Wala hakufika mwaka 1964, wakati Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wazee mishahara yao ya tangu vita. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliandika maisha yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kutolewa mwaka 1973. Bila ya karatasi alizoacha mzee na bidii ya huyo binti, mimi nisingekuwa na la kumjibu mwanafunzi wangu.

Mtaa wa Kipata, Dar es Salaam, sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Nilipomaliza kueleza hayo, mwanafunzi yule akanyosha mkono tena. Alisema babu wa babu yake alikuwa mpagazi wa Wabelgiji, na nyumbani kwao hakuna alijuaye jina lake. Nikamwambia aanze na shangazi zake, awahi, na achukue daftari.