Njano Iliyorudi

Mwaka 1951, mwanakemia Boris Belousov wa Muungano wa Kisovieti aliandika kuhusu mchanganyiko uliogeuka njano, ukapoteza rangi, kisha ukarudia njano, tena na tena. Mhariri alimkatalia: haiwezekani.

Mwaka 1970, Zaikin na Zhabotinsky walionyesha mchanganyiko wa jamii hiyo ukitoa mawimbi ya duara kutoka vituo kadhaa. Mawimbi yakigongana, huzimana. Kituo chenye kasi zaidi humeza maeneo ya vingine. Belousov alifariki mwaka huohuo. Tuzo ya Lenin ilimjia mwaka 1980.

Moyo nao hufuata kituo chenye kasi zaidi. Cha mama yangu kilipolegea, aliwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Nikimshika mkono, nahisi lile lisilowezekana likijirudia.