Meza

Meza ni samani yenye uso bapa unaobebwa na miguu, ya kulia, kuandikia, kuuzia au kufanyia kazi. Neno hili halina undugu na kitenzi *kumeza*, ambacho ni cha Kibantu. Maneno hayo mawili yamegongana kwa sauti tu.

Asili yake ni Kireno, *mesa*, kutoka Kilatini *mensa*. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakapoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na walipoondoka walituachia pia karata, leso na parafujo. Kiti, kigoda na kitanda vilikuwa na majina ya kwetu. Chakula kililiwa mkekani, watu wakizunguka sinia, hivyo kifaa kigeni kikaja na jina lake. Kiingereza kilipita njia nyingine: *table* yake imetokana na *tabula* ya Kilatini, yaani ubao. Kwa Waingereza, kitenzi cha neno hilo ni kuleta hoja ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Bunge la Tanzania nalo lina meza yake: lina Hati za Kuwasilishwa Mezani na lina Katibu Mezani.

Maana iliyo hai zaidi, kwa maoni yangu, haiko Bungeni wala sebuleni. Iko mashambani. Dindira, kata ya Wilaya ya Korogwe katika milima ya Usambara, ni nchi ya chai, na kwa mkulima wa chai meza ni uso wa juu wa michai, uliosawazishwa kwa ajili ya kuchumia. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu usiofikika kwa mkono. Kwa hiyo hupogolewa kila baada ya miaka michache, kisha machipukizi mapya hukatwa kwa kimo kimoja mpaka shamba zima lilale sawasawa. Mchumaji anaweza kulaza ufito juu ya michai ili asipoteze usawa huo, akichuma majani mawili na chipukizi lake. Meza ikipanda na kushuka, majani machanga huchanganyika na yaliyokomaa, na ubora wa chai hushuka.

Hapo meza haina mbao wala miguu. Kilichobaki ni usawa wake. Watunga kamusi waipe maana hii namba yake, kando ya ile ya samani.