Baridi, basi bovu na ratiba: ziara iliyommaliza Buddy Holly

Usiku wa kuamkia Februari 3, 1959, ndege ndogo ilianguka kwenye shamba la mahindi katika jimbo la Iowa, Marekani. Wanamuziki watatu walikufa: Buddy Holly, mwenye umri wa miaka 22, Ritchie Valens, 17, na J.P. Richardson, 28, aliyejulikana jukwaani kama The Big Bopper. Rubani Roger Peterson, 21, naye hakupona. Tangu hapo ajali hiyo imesimuliwa kama kisa cha bahati, nani alipata kiti na nani alikikosa. Lakini anayeifuatilia ziara yao siku baada ya siku hukuta kwamba mkosi ulianza mapema, kwenye ratiba iliyopangwa na watu ambao wao wenyewe hawakupanda basi.

Ziara iliitwa Winter Dance Party na iliratibiwa na wakala General Artists Corporation: maonyesho 24 kwa siku 24, kuanzia Milwaukee, Wisconsin, Januari 23, katikati ya majira ya baridi. Pamoja na hao watatu walikuwamo kundi la Dion and the Belmonts na mwimbaji Frankie Sardo. Holly hakuwa na hamu ya safari. Alitaka fedha. Mwishoni mwa 1958 alikuwa ameachana na meneja wake, Norman Petty, mapato yake yakakwama katika mvutano huo, na mkewe Maria Elena alikuwa mjamzito. Akakusanya wapigaji wapya: Tommy Allsup wa gitaa, Waylon Jennings wa besi na Carl Bunch wa ngoma. Hao ndio waliowapigia muziki waimbaji wenzake pia.

Ukichukua ramani utaona tatizo lenyewe. Januari 28 walipiga St. Paul, Minnesota. Kutoka hapo hadi Duluth, kaskazini, ni takriban kilomita 250. Badala ya kwenda huko, basi liliteremka kusini hadi Davenport, Iowa, likaenda Fort Dodge siku iliyofuata, kisha Januari 31 likapanda tena zaidi ya kilomita 500 hadi Duluth hiyohiyo. Wakala alijaza tarehe kadiri kumbi zilivyopatikana, na umbali akawaachia wasafiri.

Mabasi nayo yalikuwa mabovu. Walibadilishiwa mara kadhaa, na kila jipya liliharibika au hita yake ilizima. Hapakuwa na wapagazi. Wanamuziki walibeba vyombo vyao wenyewe. Hoteli zilikuwa chache, kwa kuwa usiku mwingi ulipitia njiani, na nguo za jukwaani zilikaa siku nyingi bila kufuliwa.

Duluth ukumbi ulijaa. Miongoni mwa vijana waliokuwa mbele ya jukwaa alikuwamo Robert Zimmerman, mwenye miaka 17, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Bob Dylan. Onyesho lilipokwisha, basi liliondoka usiku huohuo kwenda Wisconsin, ambako kesho yake walitakiwa kupiga mara mbili: Appleton mchana na Green Bay usiku. Karibu na mji wa Hurley injini ikafa, katikati ya misitu, baridi ikiwa zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Walichoma magazeti ndani ya basi ili wapate joto hadi walipookolewa. Miguu ya Bunch iliganda kwa baridi, akalazwa hospitalini Ironwood, Michigan. Onyesho la Appleton likafutwa. La Green Bay lilifanyika bila mpiga ngoma wao, ikabidi waimbaji wapokezane kukaa kwenye ngoma.

Februari 2 mwanzoni ilikuwa siku tupu kwenye ratiba. Wakala akaiuza pia, kwa ukumbi wa Surf Ballroom mjini Clear Lake, Iowa. Walifika wakiwa wamechoka, huku onyesho linalofuata likiwa Moorhead, Minnesota, karibu kilomita 600 mbele. Hapo Holly akaamua kukodi ndege kutoka mji jirani wa Mason City, apate kulala kitandani na kufua nguo. Nauli ilikuwa dola 36 kwa kila mtu. Jennings alimwachia kiti Richardson, aliyekuwa na mafua makali. Allsup alirusha sarafu na Valens, na Valens akashinda. Dion alisimulia baadaye kwamba alikataa kwa sababu dola 36 zilikuwa sawa na kodi ya nyumba ambayo wazazi wake walilipa kwa mwezi.

Ndege iliruka karibu saa saba usiku, theluji ikidondoka, ikaanguka umbali usiofika kilomita 10 kutoka uwanjani. Mabaki yalionekana asubuhi. Ripoti ya Bodi ya Usafiri wa Anga, iliyotolewa Septemba mwaka huohuo, ilieleza kwamba Peterson hakuwa na cheti cha kurusha ndege kwa kutegemea ala peke yake pale rubani asipoona nje, na kwamba taarifa ya hali ya hewa aliyopewa haikutaja maonyo yaliyokwisha tolewa.

Usiku uliofuata ajali, onyesho la Moorhead lilifanyika. Nafasi ya marehemu ilizibwa na vijana wa eneo hilo, akiwamo Bobby Vee, mwenye miaka 15. Waimbaji wengine waliletwa, Bunch akatoka hospitalini na kurudi kwenye ngoma, na ziara ikaendelea hadi tarehe ya mwisho, Februari 15, huko Springfield, Illinois. Surf Ballroom imebaki, na mwaka 2021 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Sarafu ya Allsup iliamua nani apande ndege. Haja ya kupanda ndege ilitoka kwenye ratiba. Msanii anayesaini mkataba wa ziara leo, awe wa Dar es Salaam au wa Minnesota, asiishie kwenye kifungu cha malipo. Aulize pia: kilomita ngapi kwa siku, kwa chombo gani, na tutalala wapi.