Urejeleaji wa vyanzo katika kazi za kitaaluma

Urejeleaji ni utaratibu wa kuonyesha, ndani ya insha, ripoti au tasnifu, mahali wazo au maneno yalikotoka. Una sehemu mbili zinazotegemeana: kidokezo kifupi ndani ya matini, na maelezo kamili kwenye orodha ya marejeleo mwishoni. Kidokezo kisicho na mwenzake mwishoni humwacha msomaji njiani. Kitabu kilichomo kwenye orodha bila kutajwa popote ndani ni pambo tu. Vyuoni urejeleaji huenda pamoja na mpangilio wa kurasa na usomaji wa prufu, na vyote vitatu ni miongoni mwa mambo yanayorudisha tasnifu mezani kwa mwanafunzi hata baada ya utetezi kupita.

Mtindo wa kuweka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono asiye na gamba. Mwongozo wa mtindo wa Chicago ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1906. Kate Turabian, katibu aliyekuwa akikagua tasnifu katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliandaa kijitabu chake kwa ajili ya wanafunzi mwaka 1937. APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa 7 tu katika jarida la Psychological Bulletin. Toleo lake la 7, la mwaka 2019, ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400.

Ingizo la kawaida katika kazi ya Kiswahili huwa hivi: Kezilahabi, E. (1971). Rosa Mistika. Nairobi: East African Literature Bureau. Jina la ukoo hutangulia kwa sababu orodha hupangwa kialfabeti. Mwaka hufuata kwa sababu ndio uliotajwa ndani ya matini. Jina la kitabu huandikwa kwa italiki ili lisichanganywe na jina la sura au makala. Toleo la 7 la APA limeufuta mji wa uchapishaji, lakini wasimamizi wengi bado wanaudai. Hapo mwanafunzi amfuate msimamizi na mwongozo wa chuo chake, mradi asiweke mji kwenye ingizo moja na kuuacha kwenye jingine. Msomaji huvumilia mtindo asioupenda. Mitindo mitatu kwenye ukurasa mmoja haivumiliki.

Kanuni hizi zilitungwa kwa majina ya Kizungu, na kwa majina yetu hazikai sawasawa. Robert lilikuwa jina la baba yake Shaaban Robert, wala si ubini wa Kizungu, hivyo mshairi huyo hupatikana chini ya R katika orodha moja na chini ya S katika nyingine. Said Ahmed Mohamed huingizwa kama Mohamed, S. A., na herufi hizo mbili ndizo zinazomtenganisha na akina Mohamed wengine wengi. Taasisi nazo hubadilika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ndiyo iliyoitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Tangu mwaka 2009 kazi zake zimo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Anayetumia kamusi ya 1981 aandike TUKI, kwa sababu jina hilo ndilo lililo juu ya jalada.

Mazungumzo ya ana kwa ana na barua binafsi, kwa mujibu wa APA, hutajwa ndani ya matini tu wala hayaingii kwenye orodha: msomaji hana rafu ambako atayakuta.

Kosa zito kuliko yote ni wizi wa kitaaluma, na kwa anayeandika kwa Kiswahili una sura yake ya pekee. Mwanafunzi huchukua aya ya nadharia iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaitafsiri sentensi kwa sentensi, kisha akaiacha bila jina la mwenyewe. Programu ya Turnitin, iliyoanza mwaka 1998, hulinganisha maandishi na hazina yake. Tafsiri ya namna hii yaweza kuipita bila kuguswa, na hata ukurasa ulionakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu cha zamani ambacho hakijawahi kuingia kwenye kompyuta. Upande wa pili, programu hiyohiyo yaweza kuhesabu orodha safi ya marejeleo kuwa mfanano. Asilimia inayotolewa ni mwaliko wa kuisoma kazi, haijawa hukumu.

Mpangilio wa kurasa hauna mengi. Pambizo za APA ni sentimita 2.54 pande zote na mistari huachana mara mbili. Kwa tasnifu inayojalidiwa, vyuo vingi hutaka pambizo pana zaidi kushoto, kwani gundi na uzi hula karatasi. Kurasa za ithibati, tabaruku, shukurani na ikisiri hupewa namba za Kirumi, na namba 1 huanza kwenye sura ya kwanza.

Prufu husomwa mwisho kabisa, ikiwezekana kwenye karatasi na kwa sauti. Kikagua tahajia kilichotengenezwa kwa Kiingereza hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, hadi jicho linazoea na kuacha kuona. Hata kile kinachojua Kiswahili hakitambui kosa linalozaa neno jingine halali. Msemaji anayebadilishana r na l huandika kwamba wananchi walijitokeza "kupiga kula", na sehemu yenye kichwa "Mahali pa utafiti" huwa "Mahari pa utafiti", kana kwamba mtafiti alikwenda kuposa. Orodha ya yaliyomo nayo husahauliwa: aya mbili zikiongezwa katika sura ya pili, sura ya nne inayotajwa kuwa ukurasa wa 57 imeshahamia wa 59, na mtahini huanzia hapo hapo.